Tela nyuma ya gari la familia: Faida ipo, lakini si kwa kila safari

MSIMU wa nyanya unapopamba moto Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia hupangwa matenga kwa mamia yakisubiri magari. Mkulima aliyevuna asubuhi anajua kwamba kila saa inayopita inapunguza thamani ya mali yake. Mnunuzi naye anajua hivyo hivyo. Mwenye gari ndiye anayepanga bei, na asiye na gari hupokea anachopewa.

Katika hali hiyo, si ajabu kwamba wakulima na wafanyabiashara wadogo wenye magari ya familia, yakiwamo Noah, Probox na mengineyo yaliyotumika Japani, wanaanza kuyatazama kwa jicho jingine. Swali ni moja: Gari linalopeleka watoto shule na mama kliniki, haliwezi pia kuvuta tela dogo la mazao hadi sokoni?

Jibu ni kwamba linaweza. Lakini hesabu za wengi wanaoingia katika jambo hili huishia kwenye bei ya kuchomelea tela. Wanasahau mambo matatu ambayo ndiyo yanayoamua kama tela litaleta fedha au hasara: safari yenyewe, uzito, na nyaya za taa.

Hesabu ya safari

Chukua mfano wa mkulima aliye umbali wa kilomita 50 kutoka soko la mjini. Tarakimu zinazofuata ni za kuonyesha njia ya kupiga hesabu tu; kila msomaji aweke bei za kwake.

Kama tela jipya la ekseli moja litagharimu Sh1,800,000, chuma cha kuvutia na kazi ya kukifunga Sh350,000, nyaya na soketi Sh100,000, na usajili pamoja na bima Sh250,000, jumla ni Sh2,500,000. Tela hilo libebe matenga manane ya kilo 40 kila moja, yaani kilo 320.

Shambani tenga linauzwa Sh15,000 na mjini Sh25,000. Tofauti ni Sh10,000, na kwa matenga manane ni Sh80,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja likiwa tupu litakwenda pengine kilomita nane likivuta tela. Kwa kilomita 100 za kwenda na kurudi, ni lita 12.5. Petroli ikiwa Sh3,000 kwa lita, mafuta yanakula Sh37,500. Ushuru wa soko na wapagazi, Sh500 kwa tenga, ni Sh4,000. Uchakavu wa matairi, breki na injini uwekwe Sh10,000. Kinachobaki ni Sh28,500.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanalinganisha na nauli ya Canter, ambayo ikiwa Sh5,000 kwa tenga ni Sh40,000, na kujiona wameokoa fedha nyingi. Ukweli ni kwamba mafuta peke yake yamekaribia nauli hiyo, na uchakavu ukiongezwa, Canter ni nafuu zaidi. Kwa safari iliyofanywa kwa ajili ya matenga manane tu, tela halimpi mkulima usafiri wa bei rahisi. Linampa uhuru wa kuondoka saa anayotaka na kuuza anakotaka. Uhuru huo una thamani, lakini usichanganywe na akiba.

Hali hubadilika kabisa pale ambapo gari lilikuwa linakwenda mjini kwa vyovyote vile. Kama baba au mama anakwenda kazini, dukani kununua bidhaa au kumpeleka mgonjwa hospitali, lita 10 zingetumika hata bila tela. Tela limeongeza lita 2.5 tu, sawa na Sh7,500. Kinachobaki baada ya kutoa gharama zote ni Sh58,500, zaidi ya mara mbili ya safari ile ya kwanza.

Kwa mkulima anayechuma mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, misimu miwili kwa mwaka, hizo ni safari 32. Akitegemea safari za mazao tu, atahitaji safari 88 kurudisha mtaji wake, yaani karibu miaka mitatu. Akipandisha mazao juu ya safari alizonazo tayari, atahitaji safari 43, ambazo ni mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Bei zinapoyumba

Mkulima hapaswi kupiga hesabu kwa bei ya siku nzuri peke yake. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na uzoefu wa mwaka 2022, bei ilipovuka Sh3,000 kwa lita na Serikali kulazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi, bado haujasahaulika. Mafuta yakipanda Sh500 kwa lita, safari ya makusudi katika mfano huu inapoteza Sh6,250. Safari ya pamoja inapoteza Sh1,250 tu.

Bei ya nyanya ndiyo hatari kubwa zaidi. Wakulima wote wakivuna kwa wakati mmoja, tofauti ya Sh10,000 kati ya shamba na soko inaweza kushuka hadi Sh5,000. Hapo safari ya makusudi inaleta hasara ya Sh11,500, na safari ya pamoja inabakiza faida ya Sh18,500. Aidha, dalali wa sokoni hakosekani. Mkulima anayefika mjini bila mteja, nyanya zikiwa zimeshaiva, anaweza kujikuta amehamisha unyonge wake kutoka barabarani hadi sokoni. Simu ya mkononi kwa mnunuzi kabla ya kuwasha gari ni sehemu ya gharama za tela, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote.

Lipo pia jambo la ushuru wa mazao ambalo wengi hawalijui. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilitangaza kufuta ushuru huo kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mzigo wa tela dogo uko ndani ya kiwango hicho. Mkulima aulize ofisi ya halmashauri yake utaratibu uliopo kabla ya kufika kizuizini, ili asibishane na mkusanyaji wakati nyanya zinapigwa jua.

Hakuna mizani itakayomwambia

Mizani za barabara kuu, chini ya sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, zinahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Gari dogo na tela lake halifiki huko. Maana yake ni kwamba hakuna atakayempima mkulima huyu. Atajipima mwenyewe, au atapimwa na mteremko.

Tela dogo la kawaida halina breki zake. Breki za gari ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Nchini Uingereza na Ulaya kwa jumla, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, na Uingereza inaongeza kwamba lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Kanuni hiyo ya nusu ni kipimo kizuri kwa mkulima wa hapa. Gari lenye uzito wa kilo 1,000 livute tela lisilozidi kilo 500, na katika hizo, kilo 180 hivi huenda ni za tela lenyewe. Kinachobaki ndizo kilo 320 za mfano wetu.

Hapa ndipo lumbesa inapoingia. Sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Kwa viazi vya Njombe, kilo 320 ni magunia matatu halali. Magunia hayo hayo yakifungwa kwa lumbesa, tela limezidi uwezo wake kabla ya dereva kukaa kwenye usukani. Lumbesa humwibia mkulima sokoni. Kwenye tela humwibia hata breki.

Mpangilio wa mzigo nao una hesabu yake. Uzito mkubwa ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili shingo ya tela ilalie gari kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Kwa tela la kilo 500 ni kilo 25 hadi 50, na mzani wa kawaida wa nyumbani uliowekwa chini ya shingo hiyo unatosha kuupima. Mzigo ukielemea nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyolivuta gari huku na huku. Likianza hivyo, dereva aondoe mguu kwenye mafuta na kushika usukani sawa. Kukanyaga breki kwa nguvu au kujaribu kulifuata tela kwa usukani ndiko kunakopindua.

Giaboksi ni suala jingine. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani ni ya otomatiki, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi hizo. Kuvuta tela mlimani kunaongeza joto hilo. Oili ya giaboksi ibadilishwe mapema kuliko kawaida, na kwenye miteremko gia ndogo itumike badala ya kuning'inia kwenye breki. Mteremko kama wa Kitonga, unaoshuka kutoka nyanda za Iringa kuelekea Morogoro, si mahali pa kupeleka tela lisilo na breki lililojaa. Mzigo wa kwenda Dar es Salaam uachwe kwa malori. Tela la familia ni la soko la karibu.

Chuma kishike chesisi

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakuja na chuma cha kuvutia tela, hivyo mafundi wa hapa hulazimika kutengeneza chao. Fundi mzuri hupitisha bolti kwenye mihimili ya chesisi iliyo chini ya buti, zenye alama ya 8.8 kichwani, na kuweka bamba nene upande wa pili ili nati zisitoboe bati. Fundi wa haraka hufunga kwenye bampa au kuchomelea kwenye bati la sakafu. Kwa macho, kazi hizo mbili hufanana siku ya kwanza. Tofauti huonekana kwenye matuta ya barabarani, mwezi wa tatu au wa nne.

Kama kuna kuchomelea karibu na gari, nyaya za betri zifunguliwe kwanza, vinginevyo umeme wa mashine unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake inaweza kuzidi ya kazi yote. Kichwa cha duara kinachopokea shingo ya tela kiwe cha milimita 50, kipimo kinachotumika sana duniani, na kikae kiasi cha sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Mnyororo wa usalama usikosekane: shingo ikichomoka, huo ndio unaozuia tela kwenda kwa waenda kwa miguu. Baada ya kilomita 100 za kwanza, bolti zote zikazwe tena.

Nyaya saba, rangi saba

Katika bajeti ya tela, umeme ndio unaopewa fedha kidogo kuliko vyote, na mara nyingi huachwa kabisa. Pawatila zilizoenea vijijini baada ya kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009 zilionyesha matokeo yake: tela zikirudi kutoka shamba jioni bila taa wala reflekta, na bodaboda wakizigonga kwa nyuma. Gari la familia likivuta tela la namna hiyo linakuwa hatari zaidi, kwa sababu tela linafunika taa za gari lenyewe. Dereva wa nyuma haoni breki wala indiketa.

Kipimo cha kimataifa kinachofaa ni soketi ya pini saba ya volti 12. Rangi zake zimepangwa: njano ni indiketa ya kushoto, bluu ni taa ya ukungu ya nyuma, nyeupe ni athi, kijani ni indiketa ya kulia, kahawia ni taa ndogo ya kulia, nyekundu ni breki na nyeusi ni taa ndogo ya kushoto. Fundi anayebadilisha rangi hizi kwa sababu waya mweupe umemwishia dukani anamwekea mwenye gari deni la baadaye.

Mzigo wa umeme nao unahesabika. Balbu moja ya breki au indiketa hula wati 21. Balbu mbili za breki za gari ni wati 42, sawa na ampea 3.5. Tela likiongezwa na mbili zake, zinakuwa ampea 7, kabla ya taa ya tatu ya breki iliyo kwenye kioo cha nyuma. Nyaya nyembamba za gari dogo na fyuzi yake hazikukusudiwa mzigo huo. Dawa yake si kuweka fyuzi kubwa zaidi, kosa linalounguza magari. Dawa ni kuvuta waya mpya kutoka betri wenye fyuzi yake, na kutumia rilei, ili waya za gari zitoe ishara tu na betri itoe nguvu. Kwa magari mapya yenye kompyuta inayosimamia taa, rilei hizo ni za lazima. Kuunga waya moja kwa moja kunaweza kuleta taa za hitilafu kwenye dashibodi au kuharibu kompyuta hiyo.

Athi ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Ikishikwa kwenye chuma chenye kutu au rangi, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi: dereva akikanyaga breki, indiketa nazo huwaka hafifu. Dalili hiyo ikionekana, waya mweupe uangaliwe kwanza. Uwe mnene kuliko mingine na urudi kwenye bodi ya gari kupitia soketi, usitegemee kichwa cha duara chenye grisi. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Kusokota na kuzungushia nailoni hakudumu msimu mmoja wa matope.

Hati na sheria

Tela ni chombo kinachosajiliwa chenye namba yake, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, hivyo mwenye tela hailipi. Bima ni jambo tofauti. Mwenye bima kubwa ya gari asidhani kwamba inafunika tela na madhara yake. Kampuni ielezwe kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza, kwani kuficha badiliko la matumizi kunaweza kuwa sababu ya madai kukataliwa. Leseni ya udereva nayo iangaliwe daraja lake kwa askari wa usalama barabarani.

Mpaka mwingine ni ule wa kubeba mali ya jirani kwa malipo. Hapo mkulima anageuka msafirishaji, na masuala ya usafirishaji wa biashara yako chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Ni vyema kuuliza ofisi zao mapema kuliko kuulizwa barabarani.

Tela la watatu

Kwa vile tela la mkulima mmoja hukaa siku tano kati ya saba bila kazi, hesabu nzuri kuliko zote ni ya kushirikiana. Wakulima watatu wenye magari wakinunua tela moja na kulisajili kwa Sh2,050,000, kila mmoja anatoa takriban Sh683,000. Akiongeza Sh450,000 za chuma na nyaya kwenye gari lake, anafika Sh1,133,000 badala ya Sh2,500,000. Kwa faida ya Sh58,500 kwa safari, mtaji unarudi baada ya safari 20, yaani katika msimu wa pili, na tela linafanya safari sita kwa wiki, moja kila siku ya kazi.

Lakini ushirikiano huo una sharti la kifundi. Vichwa vya duara viwe vya milimita 50 kwenye magari yote matatu, na soketi zifungwe kwa rangi zile zile saba. Bila hivyo, tela la watatu litawaka taa kwa mmoja, litaonyesha kulia likikata kushoto kwa wa pili, na halitaingia kabisa kwa wa tatu. Waya unaofungwa kwa kipimo ndio unaogeuza tela kuwa mali ya kuazimana, kukodishwa na hata kuuzwa.

Halmashauri na vyuo vya ufundi vina nafasi hapa. Mafundi wa miji midogo wakifundishwa kipimo kimoja cha nyaya na kufunga chuma, gharama ya mafunzo hayo itakuwa ndogo kuliko ya tela moja lililopinduka na mzigo wake.

Mkulima anayefikiria kuanza asiende kwanza kwa mchomeleaji. Achukue daftari aandike, kwa mwezi mmoja, kila safari ambayo gari lake linakwenda mjini, na upande wa pili aandike mazao aliyouza kando ya barabara wiki hiyo hiyo. Kama safari ni mbili au zaidi kwa wiki na mazao yapo, tela litajilipa. Kama safari hazipo, Canter ya jirani bado ni rafiki mwema. Na siku tela litakapofungwa, dakika mbili za kila asubuhi, mmoja kwenye pedali na mwingine nyuma akiangalia taa moja baada ya nyingine, zisikosekane.